Hodi ya Meya

Nilipogongewa mlango nilijificha. Ilikuwa Juni 2025, Jumapili mchana, Bronx, joto la kukutoa ndani ya nyumba, nami niko jikoni na kaptula nasonga ugali. Huku hakuna anayekuja kwako bila kutuma ujumbe kwanza. Anayegonga tu ni mleta kifurushi, mhubiri au mtu wa deni. Nikazima redio. Akagonga tena. Kuchungulia, namwona kijana jasho linamtiririka, simu mkono huu, rundo la karatasi mkono ule.

Akamtaja mpangaji aliyekaa hapa kabla yangu. Nikamwambia huyo kahama, mimi si raia, kura sipigi. Nikajua ataaga. Badala yake akauliza kodi nalipa kiasi gani. Ndugu zangu, mkishamuuliza mpangaji wa New York habari za kodi, mtoeni na kiti. Tuliongea pale mlangoni mpaka ugali ukashika chini. Mwisho hakuniachia kofia, wala fulana, wala kanga ya mke wangu. Karatasi moja. Kumbe anajitolea tu, hana mshahara, anamwombea mtu umeya wa jiji. Na kabla hajashuka ngazi akaniomba nije Jumamosi niwasaidie kugonga.

Hapo ndipo roho ikaniuma. Neno hodi ni letu sisi. Mtoto kwetu anaijua hodi kabla hajajua kusoma: mara tatu, usipoitikiwa, ondoka zako. Lakini miaka yote niliyoishi nyumbani Tanzania sijapigiwa hodi na mtu anayeomba umeya. Na wala simlaumu kwa kiburi, maana haja hana. Meya wetu anachaguliwa na madiwani, kikaoni, kutoka miongoni mwao wenyewe. Mtu mwenye wapiga kura wachache hivyo, namba zao zote anazo kwenye simu, apande ghorofa kunitafuta mimi ili iweje? Mnakumbuka uchaguzi wa meya wa Dar es Salaam ulivyoahirishwa na kuahirishwa hadi Machi 2016. Ugomvi ulikuwa nani ni mjumbe halali wa kikao. Sisi wengine tulikuwa kwenye foleni ya daladala tunasikiliza redio. Na huyo meya akishapatikana, mkurugenzi ni wa kuteuliwa na Rais.

Jumamosi nilikwenda. Nilikwenda kwa udadisi, msinivike ushujaa. Tukafundishwa nusu saa kwenye bustani: usibishane, sikiliza, andika alichosema, usiingie ndani. Programu kwenye simu inakupa orodha ya milango, kwa sababu kura ya mchujo ya chama, hapa Democratic, wanapiga waliojiandikisha na chama hicho tu. Nikapangiwa majengo matatu. Milango mingi haikufunguliwa. Mmoja alinifungia katikati ya sentensi. Mama mmoja wa Kigambia akanipa maji, akaniuliza kwetu wapi, akaniuliza nimeoa, halafu akanipa malalamiko yake yote ya lifti. Aibu yangu ni kwamba kila nilipogonga, mdomo ulikuwa unatoka na "hodi". Mwenzangu akadhani ndilo jina langu.

Aliyekuwa anaombewa ni Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, na Waganda wameshajitwalia kabisa. Aliahidi kodi za nyumba zinazodhibitiwa na jiji zisipande, na mabasi yawe bure. Unaweza kuzipinga ahadi zake, wengi wanazipinga kwa hoja nzuri tu. Mimi nilichokodolea macho ni hesabu. Ili jina liingie kwenye karatasi ya mchujo, mgombea umeya anatafuta sahihi 3,750 za wanachama, na zoezi linaanza majira ya baridi, vidole vimekufa ganzi. Kisha kuna mfuko wa jiji: mkazi akichanga, kila dola katika zile 250 za mwanzo inaongezewa dola nane, mradi mgombea ametimiza masharti ya kuchangiwa na watu wengi. Kwa hiyo dola 10 ya bibi wa ghorofa ya nne inakuwa 90. Hapo ghafla bibi anafaa kugongewa! Kwetu pesa inatoka kwa mgombea kwenda kwa bibi. Tuliipa hata jina la heshima, takrima, ikawa na kifungu chake kwenye sheria hadi Mahakama Kuu ilipokifuta mwaka 2006. Jina lilikufa, kanga zikaendelea.

Najua mnaandika nini huko. "Kaka limbukeni, kafika majuu juzi, keshakuwa profesa wa demokrasia." Sawa, limbukeni ni mimi. Lakini sijasema Marekani ni pepo. Meya aliyekuwa madarakani hapa alishtakiwa kwa rushwa mwaka 2024, kesi ikafutwa 2025 kwa ombi la serikali kuu, na watu mpaka leo wanaguna. Matajiri walimwaga zaidi ya dola milioni 20 kwenye kundi moja tu la kumsaidia mpinzani wa Mamdani, Andrew Cuomo. Na wenyeji wenyewe wanaudhi: mwaka 2021 waliopiga kura ya meya hawakufika robo ya waliojiandikisha. Una mlango, una kura, una mtu anakuja mpaka kizingitini kukubembeleza, nawe unasema mechi inaanza. Nilitamani kuwatikisa.

Mwingine ataniambia tuna mabalozi wa nyumba kumi, ni watu gani duniani wana mtandao wa mashina kama ule? Hoja hiyo naikubali kuliko zote, na inanikera kuliko zote. Ndiyo, balozi anaujua mlango wangu, anamjua na mgeni aliyelala. Ila mimi nazungumzia mtu anayekuja kuuliza, na asiponiridhisha nimnyime. Balozi alikuwa anakuja na daftari la michango.

"Basi rudi ugombee wewe." Nirudi nigombee kupitia wapi? Mgombea binafsi hatuna. Marehemu Mchungaji Mtikila alishinda kesi hiyo Mahakama ya Afrika, Arusha, mwaka 2013, na tupo palepale. Nikipata chama, nichukue fomu, niijaze vizuri, halafu nisikie nimeenguliwa, kabaki mgombea mmoja tu. Kila nikijaribu kuliandika hili bila hasira vidole vinakataa.

Tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi mkuu nyumbani, mtandao ulipozimwa, nilimtumia dada ujumbe. Ukakaa na tiki moja. Kesho yake tiki moja. Tarehe 4 Novemba huku foleni za kura zilizunguka majengo, wakavuka watu milioni mbili, mara ya kwanza tangu 1969, na jirani yangu akaja kunionyesha stika ya kupiga kura kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Nikampongeza. Nikarudi ndani kuangalia simu.

Dada alijibu baadaye, wazima. Mamdani akaapishwa Januari mosi. Mwezi huohuo, kwenye kundi la familia, tupo watu 31, nikauliza swali jepesi: meya wa manispaa yetu anaitwa nani? Kimya. Binamu akatuma kikatuni kinachocheka. Siku ya pili mjomba, mtu wa magazeti tangu enzi za redio ya mbao, akajibu kwa kujiamini jina na cheo: alikuwa mkuu wa wilaya.

Shangazi akamsahihisha. Huyo, akasema, alishahamishwa.