Dhambi ya kusudi: binti wa kwaya na gunia la lumbesa

Kwenye mkesha mmoja wa maombi hapa Mbeya, mhubiri alifungua Waebrania 10:26 akausoma mstari huo mara tatu: "Maana, kama tukifanya dhambi kusudi baada ya kuupokea ujuzi wa ile kweli, haibaki tena dhabihu kwa ajili ya dhambi." Kijana aliyekaa mbele yangu alikuwa na wiki chache tu tangu arudi kanisani baada ya miezi ya ulevi. Aliinama, akashika kichwa kwa mikono miwili. Ilipofika saa tisa usiku kiti chake kilikuwa kitupu. Sijamwona tena ibadani, na mstari ule haujanitoka.

Swali lililomwondoa ni la wengi wetu. Ni nani aliyeokoka ambaye hajawahi kukosa huku akijua kabisa kwamba anakosa? Uongo tunausema kwa akili timamu. Chuki tunailea. Ikiwa "kusudi" maana yake ni kujua tu, basi mkesha ule ulipaswa kuwaondoa watu wote, pamoja na aliyeshika kipaza sauti.

Hata hivyo wanaousoma mstari huo kwa ukali hawakuuokota njiani. Walawi 4 inaweka sadaka kwa aliyekosa pasipo kukusudia, na Hesabu 15:30 inasema atendaye kwa jeuri atakatiliwa mbali na watu wake. Waebrania 6 inarudia onyo hilo kwa walioonja kipawa cha mbinguni kisha wakaanguka. Wapo waliolichukua onyo hili hadi mwisho wake. Mwaka 250 Kaisari Decius aliwaamuru watu wote wa dola yake watoe sadaka kwa miungu. Wakristo wengi waliogopa, wakatoa. Mateso yalipopungua, wengi wao walirudi mlangoni mwa kanisa wakilia. Huko Roma kasisi Novatian alisema kanisa halina mamlaka ya kuwapokea tena, na mwaka 251 akajitenga, akawa askofu wa kundi lake. Askofu Cyprian wa Karthago alishika njia nyingine: aliyeanguka apewe muda, atubu kwa dhati, apimwe, kisha arudishwe. Wafuasi wa Novatian walijulikana kwa jina la "Walio Safi", na Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliwataka, kama wanataka kuungana na kanisa, wakubali kushiriki pamoja na walioanguka na kutubu.

Kwa Walutheri, ambao ni wengi kuanzia Iringa hadi Njombe, jambo hili liliandikwa wazi mwaka 1530. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 12, linasema walioanguka baada ya ubatizo wanaweza kupata msamaha wakati wowote wanaporudi, na linawakataa wafuasi wa Novatian kwa jina. Wakatoliki nao hawafungi mlango. Wanatofautisha dhambi ya mauti na dhambi nyepesi. Ile ya mauti inahitaji jambo zito, ujuzi kamili na ridhaa kamili, na hata hiyo ina njia ya kurudi katika sakramenti ya kitubio. Ubishi wa wafuasi wa Calvin na wa Wesley, walimu wawili wa Kiprotestanti, kama aliyeokoka kweli anaweza kupotea, sitauingia. Kwa mtu anayelia pande zote mbili zinaishia kumwambia neno moja: tubu.

Sasa turudi kwenye mstari wenyewe. Kiswahili chetu kimetupa kidokezo ambacho tunakipita haraka. "Tukifanya" inaweza kuwa sharti, kama "ukifika nipigie", na inaweza pia kuwa tendo linaloendelea, kama "nilimkuta akilima". Kigiriki cha mahali hapo kinaelemea maana hii ya pili, ndiyo maana tafsiri za lugha nyepesi zimeandika "tukiendelea". Na neno lililotafsiriwa "kusudi" limetumika mahali pengine pamoja tu katika Agano Jipya, 1 Petro 5:2, wazee wanapoambiwa walichunge kundi "si kwa kulazimishwa, bali kwa hiari". Kwa hiyo anayeonywa ni mtu aliyeichagua njia kwa moyo mkunjufu, akaizoea na akaifanya kazi yake. Mistari ya jirani inamchora vizuri zaidi: ameacha kukusanyika na wenzake, amemkanyaga Mwana wa Mungu. Mtu wa namna hiyo hakai mkesha hadi saa nane za usiku akishika kichwa. Laiti mhubiri angesoma mpaka mstari wa 39: "Lakini sisi hatumo miongoni mwao wasitao na kupotea."

Daudi alijua alichokifanya kwa Bathsheba, na barua iliyompeleka Uria kufa aliiandika mwenyewe. Petro alikana mara tatu, si kwa kuteleza ulimi. Wote wawili walirudi. Nikiishia hapa, nitakuwa nimesimama upande wa huruma, na wanaohubiri neema watafurahi.

Ila na upande huo una deni. Siku hizi nasikia sana kwamba dhambi zote, zilizopita na zijazo, zimeshalipwa, kwa hiyo kuungama ni kukosa imani. Paulo alikutana na hoja hii mapema: "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!" Na Yohana, anayeahidi kwamba tukiziungama dhambi zetu Mungu ni mwaminifu na wa haki, ametanguliza kuungama. Msamaha usiogusa mkono unaoendelea kuiba unamwacha aliyeibiwa palepale alipokuwa.

Hapa ndipo ninapoona tumekosea zaidi katika nyanda hizi. Nilipokuwa mdogo Rungwe, binti mmoja wa kwaya alipata mimba kabla ya ndoa. Alitengwa. Kwa miezi mingi alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na Meza ya Bwana ilipoandaliwa alitoka nje na kitenge kichwani, akasimama chini ya mparachichi hata kama mvua inanyesha. Siku ya kurudi kundini alisimamishwa mbele ya ushirika wote akiwa amembeba mtoto, akasema amekosa, sauti haikusikika hata benchi la tatu. Kijana aliyempa mimba alikuwa anaimba besi. Hakuitwa.

Sisemi marudi ya kanisa ni ubaya. Paulo aliwaagiza Wakorintho wamtoe mtu kati yao, na katika waraka wa pili anataka aliyeadhibiwa asamehewe na kufarijiwa, asije akamezwa na huzuni yake. Marudi yana thamani yakilenga kumrudisha mtu. Yule binti alikuwa ameshatubu kabla hajatengwa, na kila aliyemwona pale chini ya mparachichi alilijua hilo.

Sasa pita barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, usimame Isyonje. Utaona magunia ya viazi yamepangwa kando ya lami, na juu ya kila gunia kumeshonewa kilemba cha kamba na wavu, viazi vimejaa mpaka vinatokeza. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa bei ya gunia moja, mnunuzi anaondoka na zaidi ya gunia. Serikali imeikataza miaka mingi na kutaja kilo 100 kama kikomo, na wanunuzi wanalijua hilo kuliko hata wakulima. Mshonaji wa kilemba hatelezi. Anatia sindano, anavuta, anakanyaga kwa goti, anaongeza debe jingine, anavuta tena. Wiki ijayo atarudi. Kama kuna tendo linalofanana na "tukiendelea kufanya dhambi kwa hiari", ni hili, na sijawahi kuona mtu ametengwa kwa ajili yake. Jumapili baadhi yetu tunaofanya biashara hii tunakaa mabenchi ya mbele na kushika vikapu vya sadaka.

Wanaomsoma Musa kwa ukali wangefungua pia Walawi 6. Pale anatajwa mtu aliyemdanganya mwenzake katika amana, aliyemnyang'anya au kumwonea, kisha akaapa uongo. Haya yote hayatendeki kwa bahati mbaya. Bado sadaka ipo kwa ajili yake, lakini kwanza arudishe kile alichochukua kikamilifu na aongeze sehemu ya tano juu yake. Kwa hiyo hata torati haikumfungia mlango mwenye kukusudia. Ilimdai arudishe mali ya watu. Zakayo aliahidi mara nne, na ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumbani humo.

Nilimsomea sura hiyo ya Walawi mnunuzi mmoja wa viazi ninayesali naye. Alinyamaza muda mrefu, akasugua vidole vyenye sugu za kamba. Kisha akasema, "Ndugu yangu, miaka kumi na moja. Wengine wamekufa, wengine sikuwahi kuwauliza majina. Nimrudishie nani?" Lilikuwa swali la mtu aliyeanza kuhesabu, na sikutaka kulifunika kwa maneno mepesi kwamba Mungu ameshasamehe, yaishe. Nikamfungulia Hesabu 5, mahali panaposema kwamba kama aliyekosewa hana ndugu wa karibu wa kupokea, malipo hayo yatakuwa ya Bwana. Akasoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari.

"Na walio hai?" akauliza.

Nikamwambia aanze na yule mama wa Isyonje anayemuuzia kila msimu, maana jina lake analijua, na gunia la Alhamisi lilikuwa bado halijashonwa.