Mama Mkwe Hakuna

Mimi kosa langu lilianza kwenye kimashine kidogo cha umeme cha kuoshea kwa maji ya presha, zile za PSI 1,600 (PSI ni kipimo cha presha) zinazotoa maji lita tano kwa dakika, ambacho kwa kuosha gari hakina shida ila ukikipeleka kwenye zege lenye utelezi wa kijani unaweza ukazeeka umesimama palepale. Unapiga mstari, unarudi nyuma kuangalia, kumeng'aa upana wa vidole vitatu. Pembeni bado kijani. Ukimaliza uwanja wote unafanana na punda milia.

Sasa mama mkwe akapiga simu anakuja Jumamosi. Mama watoto akaniangalia, akaangalia uwanja, hakusema neno, na nyie mliooa mnajua hiyo lugha.

Nikaamua naapgredi. Nikavuta mashine ya petroli, PSI 4,000, lita 15 kwa dakika, ina matairi kabisa kama toroli. Aliyeniuzia alinieleza kitu cha maana, kwamba presha inabandua uchafu lakini wingi wa maji ndio unaousomba, kwa hiyo usiangalie PSI peke yake. Nikaitikia kwa kichwa kama mtaalamu. Akaniuliza, bomba lako la nyumbani linatoa lita ngapi kwa dakika? Nikamjibu linatoa vizuri tu. Hilo jibu likumbukeni.

Nikachukua na lile sahani la kuoshea sakafu, duara lina matairi na kwa ndani kuna mkono unaozunguka wenye nozeli mbili, yaani vichwa vya kutolea maji, linakaa umbali uleule kutoka kwenye zege muda wote kwa hiyo halichori mistari. Na nozeli za rangi rangi, digrii zinaonyesha maji yanavyotawanyika: nyekundu digrii 0, njano 15, kijani 25, nyeupe 40, nyeusi ya sabuni.

Jumamosi asubuhi shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, akaja kusaidia, yaani alikuja kushika simu. Nikapata wazo. Kabla ya kuosha, niandike salamu kwenye ule uchafu, tupige picha, tumtumie mama akiwa njiani afurahi, halafu nifute kila kitu na sahani. MAMA MKWE HAKUNA KAMA WEWE. Herufi za futi moja moja, nimesimama barazani naangalia uwanja. Ili herufi zitoke kali nikachomeka nozeli nyekundu.

Jamani nozeli nyekundu! Maji yote ya mashine yanatoka kwenye kitundu kimoja kama sindano, huo mwiba ukimpata mtu unapasua ngozi na kuingia ndani, kwa hiyo shemeji nilimpeleka mbali hilo nilijua. Nisilojua ni kwamba ukiisogeza karibu na zege inachimba. Nilikuwa naona vumbi jeupe na vichembe vya mchanga vinaruka, nikawa najisemea uchafu huo unatoka, kumbe ni saruji. Herufi zilikuwa nzuri lakini, tuwe wakweli.

Nimefika HAKUNA, mashine ikabadilisha sauti. Ikaanza kutetema kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo, maji yanatoka yanakatika. Nikazima haraka. Nikachukua ndoo ya lita 20 nikaiweka chini ya bomba, nikahesabu: dakika mbili na kidogo. Yaani bomba halifikishi hata lita kumi kwa dakika na mashine inataka 15, zinazobaki pampu inameza hewa. Swali la yule muuzaji likanirudia na sura yake.

"Shemeji, hapo ulipoishia umeona panasomekaje?"

Nikasoma. MAMA MKWE HAKUNA.

"Usipige picha!" Kashapiga.

Tukatafuta pipa la lita 200, tukalipandisha juu ya matofali, bomba linajaza kwa juu na mashine inanyonya kwa chini, kwa hesabu unapata kama nusu saa ya kazi. Nikaachana na salamu, nikafunga sahani, na hapo niseme ukweli, ile kitu ni raha. Unalisukuma taratibu kama unapiga deki, nyuma yako zege linabaki jeupe bila mstari hata mmoja. Nikapita juu ya herufi mara tatu. Uwanja wote umelowa, rangi moja, nikaangalia sioni kitu. Nikamwambia shemeji unaona, imefutika.

Saa nane mama kafika. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, hongera uwanja unapendeza. Akawekewa kiti barazani, jua linawaka, zege linaanza kukauka.

Kumbe palipochimbika panashika maji zaidi ya pengine. Kwingine kote kunakuwa kweupe, penyewe panabaki peusi. Nikaona M. Nikasema ni kivuli. Ikaja A. Nikajaribu kusogeza kiti changu mbele yake nimzibe, mama watoto akaniuliza baba watoto mbona hutulii? Shemeji keshainuka kaingia ndani, namsikia anacheka na mto mdomoni.

Mama akavaa miwani. Akasoma polepole kama anasoma barua.

"Mama... mkwe... hakuna." Akanigeukia. "Hakuna nini, mkwe wangu?"

Nikaeleza yote, bomba, pampu, lita, nozeli nyekundu, mpaka ndoo nikaenda kuileta kama ushahidi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, hiyo mashine bado ina mafuta? Nikasema inayo mama. Na pipa lina maji? Limejaa mama.

"Basi nenda kamalizie, nipo hapahapa nakuangalia."

Nikarudi na nozeli nyekundu yangu, safari hii nachimba kwa makusudi. KAMA ikaingia vizuri, ikaja W, ikaja E, nikainua kichwa, nimefika ukutani.

Nikamwangalia. Akavua miwani akasema iache hivyohivyo, imeeleweka.