Mkono wa Chini Nao Huchoka

Mzazi anayempeleka binti yake kwenye softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo ulio ndugu wa besiboli, kule Marekani huambiwa jambo moja kabla hata hajanunua glavu: usiwe na wasiwasi na mkono wake. Wanaoharibika mikono ni wavulana wa besiboli, maana wao hurusha kwa juu. Binti anarusha kwa chini, mkono unazunguka kama panga la feni, ni mwendo wa asili, anaweza kurusha kutwa nzima.

Mdogo wangu anayeishi Ohio aliambiwa hivyo hivyo. Binti yake, ambaye kwangu ni mwanangu pia, ana miaka 11 na ameng'ang'ania kuwa mrushaji, yule anayesimama katikati ya uwanja na kila mpira unaanzia mkononi mwake. Mdogo wangu aliponipigia kuuliza naonaje, kwanza nilicheka. Sisi tumekulia kwenye rede, na kwenye rede mkono wako ukichoka unampasia mwenzako mpira, kesi imeisha. Baadaye nikaanza kusoma, na kicheko kikapungua.

Tuchukue watoto wawili wa tumbo moja. Kaka mtu ana miaka 12, anarusha besiboli chini ya kanuni za Little League, ligi ya watoto. Tangu mwaka 2007 mitupo yake inahesabiwa: kikomo ni 85 kwa siku, na akirusha 66 au zaidi anapumzika siku 4 kabla ya kurusha tena kwenye mechi. Dada mtu anacheza ng'ambo ya uzio. Yeye hahesabiwi mitupo, anahesabiwa awamu, yaani zamu za timu yake kukaa uwanjani hadi wapigaji watatu wa wapinzani watolewe. Anaruhusiwa hadi 12 kwa siku, na akifikisha 7 anapumzika siku moja. Sasa awamu siyo kipimo cha kazi. Awamu moja inaweza kuisha kwa mitupo 9, nyingine, hasa ya watoto ambao bado hawalengi vizuri, ikafika 30. Ukikadiria 15 tu, awamu 12 zinatoa mitupo 180. Na hapo tunazungumzia ligi yenye kanuni. Kwenye mabonanza mengi ya wikendi, timu ikicheza mechi tatu Jumamosi na mbili Jumapili, anayejua binti karusha mara ngapi ni binti mwenyewe.

Wanaotetea hali hii si watu wa kubezwa. Kwanza, kurusha kwa chini hakukikamui kiwiko namna ileile ya besiboli, na ule upasuaji wa kano ya kiwiko uliozoeleka kwa warushaji wa besiboli ni adimu huku. Pili, huu ni ufundi unaokuja kwa kurudia. Mguu unasukuma, nyonga inageuka, mkono unakamilisha duara, kiganja kinaachia mpira karibu na paja, na vyote hivyo hutokea kwa muda mfupi kuliko kutamka jina lake. Hakuna anayejifunza hilo kwa kurusha mara ishirini kwa wiki. Tatu, warushaji ni wachache. Timu nyingi za watoto zina mmoja anayeweza kupitisha mpira juu ya kibao cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji. Ukimtoa, mechi inageuka maandamano: wapigaji wanapewa kituo cha kwanza bure mmoja baada ya mwingine, na mabinti wengine wanane wanasimama juani wakichuma majani.

Tena wana shahidi mkubwa, mrushaji Yukiko Ueno wa Japani. Kwenye Olimpiki ya Beijing, tarehe 20 Agosti 2008, alirusha mechi mbili zilizoingia muda wa ziada, jumla awamu 21 na mitupo 318. Kesho yake akapanda tena kwenye fainali, akaifunga Marekani 3-1. Mitupo 413 kwa siku mbili. Na hakuvunjika: mwaka 2021, akiwa na miaka 39, alirudi kwenye fainali ya Tokyo dhidi ya Marekani hiyohiyo, Japani ikashinda 2-0. Mkono gani unataka tuuonee huruma, wanauliza.

Hiyo 413 nimekaa nayo muda mrefu. Inatajwa kama ushahidi kwamba mkono wa chini hauchoki, ilhali inakumbukwa kwa sababu ni maajabu. Kama ingekuwa kawaida nani angeihesabu? Ueno alikuwa na miaka 26, mwili umekomaa, kazi yake ni hiyo, na mbele yake kulikuwa na dhahabu ya Olimpiki. Binti wa miaka 11 anayerusha mechi ya nne ya wikendi anagombea kikombe cha plastiki. Isitoshe, tunamtaja yeye kwa sababu alibaki. Walioacha wakiwa na miaka 14 kwa sababu bega liligoma hawana majina.

Kuna wachache waliojaribu kuwahesabu walioumia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1992 uliwauliza warushaji 24 wa vyuo bora vya Marekani, na 20 kati yao walikuwa wamepata majeraha. Kundi ni dogo, ni kweli, na ni zamani. Mwaka 2009 wengine walipima misuli na kukuta kwamba ule wa mbele ya mkono, wa juu ya kiwiko, unafanya kazi kubwa zaidi kwenye mtupo wa softiboli kuliko mtu anaporusha kwa juu. Ndio unaokaza breki mkono unapomaliza duara, na ndiyo maana mabinti hawa hulalamikia sehemu ya mbele ya bega.

Lakini kipimo kilichonikosesha usingizi ni cha mwaka 2005. Watafiti waliwapima vijana wanaorusha softiboli wakakuta kwamba nguvu inayouvuta mkono utoke begani inafikia, kwa wastani, asilimia 94 ya uzito wa mwili. Kwa kijana wa kilo 45 hizo ni kama kilo 42. Sasa, wazazi wa huko humdakia binti mpira wakiwa wamekalia ndoo iliyogeuzwa, ndoo ya galoni 5, karibu sawa na ile yetu ya lita 20. Jaza ndoo mbili kama hizo maji, zining'inize kwenye mkono wa mtoto. Ni kwa kufumba na kufumbua tu, sawa. Kisha zirudishe mara 180.

Hoja pekee ya upande ule inayonitikisa ni kwamba idadi ni kipimo kibovu. Binti mwenye mwendo mbaya anaweza kujiumiza kwa mitupo 30, na mwenye mwendo safi akafika 100 bila tatizo. Nakubali. Ila hata mwendo safi huharibika mtu anapochoka: nyonga inaacha kugeuka, mkono unabaki kufanya kazi peke yake. Kocha anayesema atamwangalia mwendo badala ya kuhesabu, wakati anaongoza kwa mkimbio mmoja, yaani pointi moja, ana jicho la kocha au la shabiki?

Na uchache wa warushaji tunautengeneza wenyewe. Anayeweza ndiye anayepewa, asiyepewa hatajua kamwe. Hata kwa wakubwa inaonekana. Fainali za softiboli za vyuo vya Marekani za 2025 chuo cha Texas Tech walimtegemea mrushaji wao NiJaree Canady mfululizo, na kwenye mechi ya tatu wapinzani wao, chuo cha Texas, wakachukua mikimbio 5 awamu ya kwanza, akatolewa, wakafungwa 10-4. Sisemi ni uchovu tu. Wapigaji wa Texas walikuwa wamemwona siku mbili. Lakini hilo nalo ni gharama ya kuwa na mkono mmoja. Huko Tokyo Ueno alipokea msaada wa mrushaji mwenzake mdogo kwake kiumri, Miu Goto, katikati ya fainali, kisha akarudi kumaliza. Kanuni za softiboli zinaruhusu, na timu ya watoto ingeweza kuiga kesho asubuhi.

Kwa hiyo nimemshauri mdogo wangu amwache mtoto arushe, tena amwache apende, ila mazoezi mengi yawe ya miguu na nyonga bila mpira, siku za mapumziko ziandikwe kwenye kalenda, na timu imfundishe mrushaji wa pili hata kama mwanzoni atapoteza mechi. Amenunua daftari, anapiga vijistari vitano vitano. Juzi akauliza kama mitupo ya kupasha mwili kabla ya mechi nayo inaandikwa. Nikamwambia iandikwe, na ile ya Jumatano kwa mwalimu wa binafsi pia. Akanyamaza kidogo, nikasikia anafungua kurasa za nyuma.