Samaki wa Bure wa Misri

Jumapili iliyopita binti mmoja, hata shule hajamaliza, alisimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Mikono inamtetemeka. Alisoma mistari yake kwenye simu, akaeleza jinsi Mungu alivyomtoa kwenye mawazo ya kujidhuru, akashukuru, akarudi kukaa. Ushuhuda mfupi, hauna mbwembwe. Nikadhani sasa tutamwombea. Badala yake mzee mmoja wa kanisa aliomba kipaza sauti, akakohoa, akaanza: "Zamani sisi..."

Ukishasikia "zamani sisi" jua safari imeanza. Tulipelekwa kwenye mikesha ya enzi zile, kwenye vijana waliokuwa na hofu ya Mungu, kwenye nyimbo zilizokuwa nyimbo na mahubiri yaliyokuwa mahubiri. Zamani, akasema, hakuna aliyethubutu kusimama mbele na simu. (Kweli tupu. Hata Musa hakuthubutu.) Akahitimisha kwa masikitiko kwamba kanisa la leo limekufa, na watu wakaitikia amina. Amina ya nini? Mtoto ametoka kutuambia kwamba alikuwa amekata tamaa ya kuishi na sasa yu hai, sisi tunaitikia amina kwenye tangazo la msiba.

Mzee namheshimu. Amenilea kiroho kwa namna nyingi na shikamoo yake ataipata. Ila hili la kuabudu enzi limenichosha, na linanichosha zaidi linapovikwa kanzu ya utakatifu. Mtu akilalamika tu kwamba maisha yamebadilika, sawa, nani asiyelalamika? Lakini akisema Mungu alikuwa wa zamani na leo tumeachiwa makombo, hayo ni mafundisho, na mafundisho yanapimwa kwa Maandiko.

Fungua Hesabu 11. Wana wa Israeli wako jangwani, kila mtu analia mlangoni pa hema lake. Wanalilia nini? Samaki. Wanakumbuka samaki waliokula Misri, tena wanasema walikula bure. Wanakumbuka matango, matikiti, mboga, vitunguu, hadi vitunguu saumu. Orodha ndefu, imepangwa vizuri, hakuna kilichosahauliwa. Nadhani wangepewa muda wangeeleza na mapishi.

Sasa nenda Kutoka 1, mstari wa mwisho kabisa. Farao anaamuru watu wake wote kwamba kila mtoto wa kiume atakayezaliwa kwa Waebrania atupwe mtoni. Mto gani? Huohuo. Nile. Mto uliowapa samaki ndio uliopewa watoto wao. Na hawa wanaolia mlangoni pa hema si wajukuu waliosimuliwa habari za Misri usiku. Ni watu wenyewe. Migongo yao ina alama za fimbo za wasimamizi. Walikanda udongo, wakafyatua matofali, wakanyimwa majani na bado wakadaiwa hesabu ileile ya matofali. Walilia Misri watolewe, kilio kikamfikia Mungu. Sasa wanalia warudi, na katika kumbukumbu yao yote hakuna tofali hata moja. Hakuna fimbo. Hakuna mtoto. Kuna vitunguu.

Bure! Waliwalipia samaki wale kwa watoto wao, na bado wanasema walikula bure.

Wahenga walikuwa na lugha kali kuhusu jambo hili, mniwie radhi: mavi ya kale hayanuki. Uchafu upo palepale ulipoachwa, ni pua tu iliyosahau. Na anayesahau hadanganyi kwa makusudi, ndiyo maana ni vigumu kubishana naye. Anasimulia alichobaki nacho. Israeli hawakuishia kwenye kusimulia: kufika Hesabu 14 wanapendekezana wachague kiongozi wa kuwarudisha Misri. Kutoka vitunguu hadi kamati ya kurudi utumwani, ni sura tatu tu.

Kinachonishika kila ninaposoma sura ile ya 11 ni jibu la Mungu. Hakuwaambia kwamba wamekosea historia. Aliwaambia wamemkataa Bwana aliye kati yao. Kati yao, pale pale jangwani, penye mana ya asubuhi na wingu lililosimama juu ya maskani. Kwa hiyo kosa lao halikuwa kupenda samaki, na wala si kosa kupenda nyimbo ulizolelewa nazo. Kosa ni kumpa mgongo Mungu aliyepo huku unamsifia Mungu uliyemwacha nyuma, kana kwamba ni wawili.

Nirudi kwetu. Nilipokuwa natoka ibadani nilifuatana na mama mmoja wa rika la yule mzee, walikulia usharika mmoja. Nikamuuliza kama kweli enzi zile zilikuwa hivyo. Alicheka kwanza. Kisha akaniambia kwamba yeye alizikaa enzi zile kwenye benchi la nyuma. Alipata mimba akiwa msichana, akatengwa. Jina lilisomwa mbele ya watu wote, akaambiwa asikaribie meza ya Bwana mpaka atakapotubu na kurudishwa kundini. Kila Jumapili alikuja, akakaa nyuma na tumbo lake, na kutoka pale nyuma alikuwa anamwona vizuri sana baba wa mtoto, kwa sababu alikuwa mbele anaimba kwaya. Sauti ya pili. "Na kwaya ilikuwa nzuri kweli," akasema, "hilo mzee hajadanganya."

Enzi ileile, jengo lilelile, nyimbo zilezile. Mmoja amebaki na wimbo, mwingine amebaki na benchi. Ukitaka kuniambia kanisa la zamani lilikuwa takatifu, mwite na huyu mama atoe ushuhuda, tena mpe kipaza sauti kwanza.

Wapo watakaosema, sawa, tuache zamani ya juzi, turudi kwenye kanisa la mitume. Lipi hilo? La Korintho, ambako Paulo anawaandikia kwamba wanapelekana mahakamani ndugu kwa ndugu, na kwamba kwenye chakula cha Bwana mmoja ana njaa na mwingine amelewa? Au la Yerusalemu, ambako wajane wa Kiyunani walikuwa wanarukwa kwenye huduma ya kila siku, na Anania na Safira wanapiga hesabu ya uongo mbele ya Petro? Mnaolalamikia wauza upako wa siku hizi (na mimi nawalalamikia, tena kwa sauti) mkumbuke kwamba Simoni wa Samaria alitaka kununua kipawa cha Roho Mtakatifu kwa fedha taslimu katika Matendo 8. Kitabu chenyewe kilikuwa hakijafika hata katikati.

Na hizo nyimbo za zamani zilipoanza zilikuwa mpya. Isaac Watts alipotoa mkusanyo wake wa nyimbo mwaka 1707, Waprotestanti wengi wa Uingereza walikuwa wanaimba zaburi tu, na kwa baadhi yao mashairi ya kubuni yalikuwa upotovu. Leo ukiimba kitu kingine badala ya Watts, upotovu ni wako. Augustino naye, askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, mwanzoni mwa karne ya 5 alikuwa anawahubiria watu waliolia kwamba nyakati ni mbaya, akawajibu kwamba nyakati ni sisi wenyewe. Mhubiri 7:10 inakataza hata kuuliza kwa nini siku za kale zilikuwa njema kuliko hizi, na inasema anayeuliza hivyo haulizi kwa hekima. Sikuandika mimi.

Nikubali jambo moja, kwa shingo upande. Biblia inaagiza tukumbuke. Pasaka ni kumbukumbu, meza ya Bwana ni kumbukumbu, Samweli alisimamisha jiwe la Ebenezeri, na kanisa la Efeso katika Ufunuo linaambiwa likumbuke lilikoanguka. Sawa. Lakini angalia Samweli alisema nini juu ya lile jiwe: hata sasa Bwana ametusaidia. Hata sasa. Na Efeso wakishakumbuka wanaamriwa kutubu na kufanya matendo yale ya kwanza, yaani waamke wafanye, si wakae kuhadithiana jinsi yalivyokuwa matamu. Kitu kitakatifu kabisa cha jana kinaweza kuwa sanamu: ile nyoka ya shaba aliyoitengeneza Musa kwa agizo la Mungu mwenyewe, karne kadhaa baadaye watu walikuwa wanaifukizia uvumba, na mfalme Hezekia akaivunja vipande vipande. Nina hakika siku ile kuna mtu alisema zamani tulikuwa tunaheshimu vitu vya Mungu.

Machozi ya wazee, hata hivyo, sitayadharau, kwa sababu Biblia yenyewe haiyadharau. Babeli walilibomoa hekalu la Sulemani mwaka 586 KK. Watu waliporudi kutoka uhamishoni na kuweka msingi mpya, Ezra 3 inasema wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, huku wengine wakipiga kelele za furaha, mpaka haikuwezekana kutofautisha kilio na shangwe. Ninawaelewa. Walikuwa wamebeba jivu la jengo lile kifuani maisha yao yote. Hakuna aliyewakemea siku ile.

Ila mwaka 520 KK, kazi iliyosimama kwa miaka ikiwa ndiyo kwanza imeanza tena, nabii Hagai alisimama na kuuliza wazi: ni nani kati yenu aliyeiona nyumba hii katika utukufu wake wa kwanza? Si kama si kitu machoni penu? Yaani nabii alilisema lile walilokuwa wananong'ona. Alikubali kwamba jengo ni duni. Halafu hakuwapa nafasi ya kuendelea kulia: iweni hodari, fanyeni kazi, kwa maana mimi nipo pamoja nanyi. Miaka kama minne baadaye nyumba ilikamilika, na hakuna anayesema ilifanana na ya Sulemani.

Nyumba hiyohiyo duni, baada ya Herode kuijenga upya na kuipanua, ndiyo Yusufu na Mariamu waliyompeleka mtoto Yesu. Wazee wawili walikuwa humo. Simeoni alimpokea mikononi. Ana, mjane wa miaka 84 kwa hesabu ya Luka, aliyeshinda hekaluni usiku na mchana kwa kufunga na kuomba, alifika saa ileile, akamshukuru Mungu, akaanza kuwaeleza habari za mtoto huyo wote waliokuwa wakiutarajia ukombozi. Alikuwa mzee kuliko wengi wanaonitumia jumbe za kunieleza kwamba kanisa limekufa.