Mbu wa karo na vidonge vya matende

Ukilalamikia mbu Ng'ambo, hapa Unguja mjini, utajibiwa: malaria imeshuka, mnataka nini tena? Malaria imeshuka kweli, lakini mbu wa malaria ni anofelesi, na huyo ndiye anayepulizwa dawa ukutani. Anayetunyima usingizi ni kuleksi, mzaliwa wa karo, yaani shimo la maji machafu, na choo cha shimo, na ndiye anayeeneza minyoo ya matende na mabusha. Kwa hiyo anayelalamika hadeki.

Wanaotegemea vidonge wana hoja nzito. Tangu 2001 dawa za minyoo aivamektini na albendazoli, zinazotolewa bure na watengenezaji, ziligawiwa nyumba hadi nyumba Unguja na Pemba kila mwaka. Minyoo wachanga walipungua sana kwenye damu za watu, na ndani ya miaka michache tu. Hakuna ujenzi wa vyoo ungeweza kwenda kasi hiyo.

Duru sita zikapita, ugawaji ukasimama 2006. Uchunguzi wa 2012 ukakuta maambukizi bado yapo, na vidonge vikarudi. Hapo ndipo ninapokwama. Dawa hizo huwafagia zaidi wachanga walio kwenye damu, wakati mnyoo aliyekomaa anaishi miaka kadhaa ndani ya mishipa ya limfu. Tena kuna asiyemeza. Mwenye tende mguuni haoni dawa ikimrudishia mguu wake, na asiye na dalili, ambao ndio wengi, haoni anatibiwa nini. Mwingine humpata homa na mtoki, akapoa, akasahau. Damu ya mmoja wao inatosha, maadamu kuleksi yupo wa kuichukua usiku, saa ambazo wachanga hao hupanda kwenye damu iliyo karibu na ngozi.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1988, walipiga vita minyoo na mbu kwa pamoja. Watu walipewa dawa, na vyoo vyenye maji vikamwagiwa vipunje vyeupe vya povu la plastiki, vyepesi kama bisi, vilivyoumuliwa kwa joto. Vilielea vikafunika maji. Kiluwiluwi cha mbu huning'inia kichwa chini, mrija wake wa pumzi ukigusa uso wa maji. Akiukuta umefunikwa, anakufa. Uchafu ukianguka, vipunje hupisha kisha hujifunga tena. Kabla ya kazi ile, asilimia 49 ya waliopimwa walikuwa na vijiminyoo kwenye damu. Kiwango kikaporomoka, na kiliendelea kuwa chini miaka baada ya dawa kusimama, wakati palipotolewa dawa peke yake kilianza kupanda tena. Jambo hili nalirudia kila ninapopata msikilizaji, kwa sababu limefanyika kwetu, kwa vyoo vyetu.

Najua pingamizi. Mafuriko ya masika huvisomba vipunje, gari la kunyonya maji machafu huvibeba, na makaro ya mjini ni mengi mno. Hayo ni ya kweli kwa mjini, ila shimo la shamba lisilonyonywa halina shida hiyo. Mjini kuna kazi nyepesi zaidi: kuziba nyufa za mfuniko na kufunga wavu kwenye bomba la hewa. Niliwahi kumulika tochi kwenye ufa wa karo moja mtaani: maji meusi yalikuwa yanachemka viluwiluwi. Mgawa dawa alikuwa amepita nyumba ile wiki hiyo hiyo, akaandika majina ya waliomeza, akaondoka. Angetazama na mfuniko, isingemchukua dakika mbili.