Sikufika jikoni

Kwanza tuwekane sawa, maana mwalimu mwenzangu wa Sayansi keshatangaza mpaka stendi kwamba kamba iliniburuza hadi jikoni: si kweli. Niliishia kwenye mwarobaini. Jikoni zilibaki hatua kumi nzima.

Kipindi cha michezo, darasa la nne, kuvuta kamba. Simba wanane, Yanga saba, kwa sababu mmoja alikuwa pembeni anachomoa mbigiri mguuni. Nikajitolea kuwa mtu wa mwisho wa Yanga.

Na niliwafundisha vizuri jamani! Kitambaa chekundu katikati ya kamba, mstari wa chokaa chini, anayevutwa mita 2 kashindwa. Viganja vyote vitazame juu, kamba ipite kati ya mkono na mbavu, visigino vichimbe, mwili ulale nyuma bila kukaa chini. Wa mwisho anaipitisha kwapani, inakatiza mgongo, inatokea juu ya bega la pili, ncha inaachwa ining'inie. Fundo marufuku, kwa sababu ukizidiwa lazima uweze kuachia. Nimelisema mara tatu. Kisha nikajifunga fundo kiunoni.

Msinitukane. Mkono mmoja ulikuwa na filimbi, wa pili daftari la alama.

Kosa jingine: nyuma ya Simba kulikuwa na jiko. Kengele ya uji ikagonga.

Yanga wangu saba wakaachia kwa mpigo. Simba hawakuachia. Waligeuka, wakatupia kamba mabegani, wakaondoka nayo.

Niliiona kamba iliyolegea ikinyooka polepole kuja kwangu, vumbi likiruka juu yake. Nikapuliza filimbi. Sasa filimbi kwa watoto wale maana yake nini? Nimewafundisha mwenyewe: ikilia, vuta.

Kiuno kikatangulia. Miguu ikajitahidi hatua tatu, ya nne ikakosekana. Nikalala kifudifudi, traksuti mpya ikiokota mbigiri moja moja, na mbigiri za Dodoma mnazijua, hata ziangukeje lazima mwiba mmoja utazame juu. Filimbi ilikuwa bado mdomoni. Kila nikipumua inalia. Kila ikilia, wanavuta.

Mwarobaini ukaniokoa: kamba ikanasa kwenye shina. Yule mtoto wa mbigiri akaja akichechemea, akainama mpaka usoni kwangu.

"Shikamoo mwalimu."

Marahaba yangu ilitoka kwa filimbi.

Mama wa uji akapiga "Yayagwe!" akaja na kisu cha mchicha, maana fundo lilishakaza halifunguki. Shule sasa ina kamba mbili fupi na mimi nina barua ya kujieleza kwa mwalimu mkuu.

Aliyenichomoa mbigiri ofisini ni huyo huyo wa Sayansi, akihesabu kwa sauti. Alifika 34. Hiyo namba, kwa haki yake, hajaiongeza hata moja.