Lamu haikatai maendeleo, inadai hesabu

Kila mzozo wa ardhi ya pwani ya Lamu unapofika mahakamani, lawama huwa ileile: watu wa Amu (Lamu) hawataki maendeleo. Ilisemwa wakati bandari ya LAPSSET, mradi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, inachimbwa, ikarudiwa kwa sauti kubwa zaidi Juni 2019, pale mahakama ya mazingira (NET) ilipofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe Kwasasi. Wapo waliotaka makaa yasitie mguu kabisa, na walikuwa na haki yao. Lakini kilichouangusha mradi kilikuwa cha kawaida mno: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano iliitishwa kabla ripoti ya athari haijakamilika, kwa hiyo watu waliulizwa maoni kuhusu kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameeleza kitafanya nini kwa bahari yao. Kudai ripoti kwanza ndiko kupinga maendeleo?

Hukumu inayonisumbua zaidi ni ya mwaka mmoja kabla ya hapo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi ilikubali kwamba ujenzi wa bandari umekiuka haki za wakazi, ya mazingira safi na ya utamaduni zikiwemo, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Magazeti yaliandika hizo bilioni kwa herufi kubwa. Gawanya. Kila mvuvi anapata kama shilingi 382,600, kabla hujaingia katika rufaa, mazungumzo na miaka ya kungojea. Sasa mchukue kijana aliyekuwa na miaka 30 ya kuvua mbele yake. Ni kama shilingi 12,750 kwa mwaka, yaani elfu moja na kitu kwa mwezi. Na hela hiyo inalipia nini? Uchimbaji wa mlango wa bandari ulitibua maji na kuvuruga maeneo ya karibu, yale ambayo mwenye dau au mtumbwi aliyafikia hata msimu wa kusi, bahari ya nje ikiwa imechafuka. Kumwambia aende bahari kuu ni kumwambia anunue boti kubwa, mashine, mafuta ya kila safari na nyavu za aina nyingine. Laki tatu na themanini hazifiki huko. Na hata zingefika, mtoto wake hayumo kwenye orodha.

Ndiyo maana nawaelewa wanaosimama Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, kupinga hoteli mpya ufuoni. Ule ufuo mrefu usio na jengo, na vilima vya mchanga nyuma yake, mgeni huviona kama mahali patupu panaposubiri hoteli. Ukweli ni kwamba hapo ndipo mji unapopata maji. Mvua inazama mchangani, inachujika, na maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Ukivuta kupita kiasi kwa pampu, chumvi inapanda; ukijenga juu yake na kuchimba mashimo ya vyoo, uchafu unashuka. Kisima kikishaingia chumvi, hakirudi kuwa kitamu kwa kuandika barua. Vilima hivyo vilishatangazwa rasmi kuwa eneo la kulindwa, na bado madai ya umiliki hayakomi. Huko huko, takriban 1812, ndiko watu wa Lamu walikopigana na majeshi ya Mombasa na Pate katika vita vya Shela. Lakini historia tuiweke kando; hoja ya maji pekee inatosha.

Upande wa pili una hoja yake, na yenye uzito kuliko wanaharakati wanavyopenda kukiri. Lamu imesahauliwa na serikali tangu uhuru. Lami ya kutoka Garsen imekuja kwa sababu ya bandari, si kwa sababu ya huruma. Kijana aliyemaliza shule hawezi kula sifa ya UNESCO, ambayo mji wa kale unayo tangu 2001. Tena kuna jambo linalouma zaidi: baadhi ya wanaolilia ufuo usiguswe ni watu wenye nyumba za kifahari palepale Shela, waliokwisha kujenga na sasa wanataka mandhari yao yabaki. Akizungumza mwenye bwawa la kuogelea juu ya uhaba wa maji, kijana wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, ana haki ya kucheka.

Hata hivyo, kicheko hicho hakimpi mwekezaji mpya ruhusa. Kinachodhihirika ni kwamba masharti yanapaswa kumbana na aliyetangulia pia: mita kwenye visima vya nyumba za kifahari zilizopo, na kiwango cha juu cha kuvuta maji kinachojulikana na kila mtu mjini. Kwa hoteli yoyote inayotaka kuja, kipimo cha chumvi kwenye visima kifanyike kaskazi na kusi, kabla ya jiwe la kwanza, na matokeo yabandikwe hadharani kwa Kiswahili. Na anayesema ataleta maji yake kwa mtambo wa kuondoa chumvi, aonyeshe mtambo huo, na aseme ile chumvi iliyobaki ataimwaga wapi.